Kwa nini nyasi hukimbilia bondeni: udongo tifutifu wa mikondo ya maji katika nyanda kavu za malisho

Weka vipimo viwili vya mvua katika nyanda kavu za malisho, kimoja kwenye mteremko wa kilima na kingine chini yake, kando ya mkondo ambao maji hupita siku chache tu kwa mwaka. Msimu ukiisha, vipimo vyote viwili vitatoa namba zinazokaribiana. Sasa tazama majani. Mteremkoni kuna vishada vichache vya nyasi vilivyotengana, katikati yake udongo mtupu na kokoto. Kando ya mkondo nyasi zimefika magotini, na nyingine bado ni za kijani wiki kadhaa baada ya mvua kukatika.

Ukiuliza sababu, jibu la haraka ni kwamba bondeni kuna rutuba. Jibu hilo si la uongo, ila limeanzia mwisho. Rutuba ya pale ni matokeo. Kinachotangulia ni maji, tena maji ambayo kipimo cha mvua hakiyaoni kamwe. Asiyeelewa hesabu ya maji hayo hataelewa kwa nini udongo huu unasifiwa, wala kwa nini unaweza kukauka na kubaki maskini bila chembe yake moja kubadilika.

Udongo uliosafiri

Udongo wa kilimani kwa kawaida umetokana na mwamba uliooza papo hapo. Udongo wa kando ya mkondo umeletwa. Kila chembe yake iling'olewa mahali fulani juu, ikabebwa na maji ya mvua, kisha ikatuliwa pale maji yalipopunguza mwendo. Wataalamu huuita udongo wa mashapo, na katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha udongo sehemu kubwa yake huingia kwenye kundi la Fluvisoli. Utaukuta katika kanda nyembamba zinazofuata njia ya maji, pengine upana wa mita chache, pengine mamia ya mita, kwenye ardhi iliyokaribia kuwa sawa, mara nyingi yenye mteremko usiofika asilimia 3. Ukiitazama ramani ya eneo zima, kanda hizi ni mistari tu. Lakini ukifuatilia mifugo na wanyamapori wanakokwenda wakati wa kiangazi, utaona kwamba mistari hiyo ndiyo inayobeba nchi.

Neno tifutifu linahusu ukubwa wa chembe. Mchanga ni chembe zenye kipenyo cha kati ya milimita 2 na 0.05. Chini yake kuna tope laini, kati ya milimita 0.05 na 0.002, ambalo likikauka ukalisugua kwa vidole huhisi kama unga. Chini kabisa kuna mfinyanzi, usiofika milimita 0.002. Kwa vipimo vinavyotumika Marekani, udongo huitwa tifutifu ukiwa na mfinyanzi wa asilimia 7 hadi 27, tope laini la asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiozidi asilimia 52. Nje kidogo ya mipaka hiyo kuna tifutifu ya kichanga na tifutifu ya mfinyanzi, nazo pia zimejaa kando ya mikondo. Kwa matumizi ya malisho, tofauti kati yake si kubwa kama majedwali yanavyotaka tuamini.

Kwa nini maji yatue mchanganyiko huu pale, na si mchanga mtupu au mfinyanzi mtupu? Jaribio la chupa linajibu. Weka viganja viwili vya udongo kwenye chupa ndefu ya kioo, jaza maji, ongeza chembe za sabuni ya unga ili madonge yaachane, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache mezani usiiguse. Mchanga hushuka sentimita 10 kabla dakika moja haijaisha. Unauona ukijipanga chini wakati bado umeishika chupa. Chembe ya tope laini yenye milimita 0.02 huchukua kati ya dakika 4 na 5 kushuka umbali huohuo. Mfinyanzi, hata ule wa chembe kubwa, unahitaji takriban saa 8, na chembe zake ndogo zaidi zitayaacha maji yakiwa na ukungu hadi siku za mbele.

Mafuriko ya nyanda kavu hufanya kazi hiyohiyo, ila maji yake yanatembea. Katikati ya mkondo, mahali mwendo ni wa kasi, hubaki kokoto na mchanga pekee. Kwenye madimbwi yaliyojitenga, maji husimama hadi yakauke, na mfinyanzi hupata muda wake wote. Tifutifu inapatikana kati ya hali hizo mbili: pale maji yanapovuka kingo, yanatandaa kuwa kina cha vidole vichache, yanapita kati ya mashina ya nyasi kwa uvivu, lakini hayasimami kabisa.

Hapo kuna jambo linalopitwa kirahisi. Nyasi zinazotajwa kama zao la udongo huu ni miongoni mwa waliouumba. Kila shada ni kizuizi kidogo kinachopunguza mwendo wa maji, na maji yakipunguza mwendo hutua mzigo. Ukichunguza shada la nyasi ndefu baada ya furiko, upande wa juu utakuta vijiti, mbegu, samadi na majani makavu yaliyonasa, na upande wa chini kijilima cha tope jipya. Nyasi zenye tabia ya kuota upya kupitia tope lililozifunika, kama Cynodon dactylon ya Afrika inayotambaa au Sporobolus wrightii ya kusini magharibi mwa Marekani inayoota kwa mashada makubwa, hupanda pamoja na ardhi. Ardhi inainuka milimita kadhaa, nyasi zinainuka nayo, na furiko lijalo linakuta kizuizi kilekile juu kidogo. Ondoa nyasi, na hata furiko la ukubwa uleule litapita bila kuacha kitu, au litaondoka na kilichokuwapo.

Kusoma ukuta wa shimo

Chimba shimo la mita moja na nusu kando ya mkondo, nyoosha ukuta mmoja kwa kisu, na umwagie maji kidogo ili rangi zijitokeze. Katika udongo wa kawaida uliozeeka, juu ni peusi kwa mboji, na weusi hupungua taratibu kadiri unavyoshuka. Hapa mpangilio huo huvurugika. Juu kuna sentimita 20 za kahawia iliyokoza, chini yake utepe wa mchanga mweupe wa unene wa kidole, kisha tifutifu tena, kisha ghafla tabaka jeusi kwenye kina cha sentimita 70 lenye vipande vya mkaa na mashimo ya mizizi iliyooza. Tabaka hilo jeusi lilikuwa uso wa ardhi zamani. Nyasi ziliota juu yake kwa miaka mingi, ndipo furiko kubwa au mfululizo wa mafuriko ukalifukia. Wataalamu wa udongo huutumia mpangilio huu wa mboji inayopanda na kushuka kama alama mojawapo ya kutambua udongo wa mashapo.

Matabaka haya si historia tu. Yanaongoza maji, na yanayaongoza kwa namna inayoshangaza. Mtu angedhani kwamba utepe wa mchanga ulio chini ya tifutifu utayanyonya maji haraka na kuyapoteza chini. Kinachotokea ni kinyume. Vitundu vya tifutifu ni vyembamba, na vyembamba hushikilia maji kwa nguvu kuliko vipana. Maji yakifika kwenye mpaka wa mchanga, tifutifu inakataa kuyaachia. Yanajikusanya juu ya mpaka hadi tifutifu ikaribie kujaa kabisa, ndipo yanapenya. Kwa hiyo utepe wa mchanga wa sentimita mbili, ambao ukiutazama ungeuona kama kasoro, unaweza kuifanya tifutifu iliyo juu yake ihifadhi maji mengi kuliko ambayo ingehifadhi peke yake. Kwenye mvua haba faida hiyo ni kubwa, maana maji hubaki kwenye kina cha mizizi ya nyasi.

Tabaka la mfinyanzi likiwa katikati huleta kizuizi cha aina nyingine: maji yanapita lakini kwa taabu, na mizizi nayo huinama na kutambaa juu yake. Ndiyo sababu mashimo mawili yaliyochimbwa hatua ishirini kutoka jingine hadi jingine yanaweza kusimulia mambo tofauti kabisa. Ripoti yoyote inayokupa sampuli moja ya udongo kwa bonde zima isomwe kwa tahadhari.

Hesabu ambayo mvua pekee haiitoi

Sasa turudi kwenye vile vipimo viwili. Mvua ya milimita 10 juu ya hekta moja ni lita 100,000 za maji. Chukua mfano wa bonde dogo ambalo hekta 20 za miteremko zinamwaga maji yake kwenye hekta moja ya udongo wa mkondoni. Tuseme asilimia 10 tu ya mvua iliyoanguka miteremkoni inatiririka, na iliyobaki inanyonywa au kupotea hewani. Hiyo ni lita 200,000 zinazoingia kwenye hekta ile moja, sawa na milimita 20 za ziada. Kipimo cha mvua bondeni kimesoma 10. Udongo umepata 30. Mteremkoni kipimo kimesoma 10 vilevile, na udongo haukupata zaidi ya 9.

Rudia hesabu hiyo kwa kila mvua kubwa ya msimu, na utaona kwamba ukanda wa mkondo unaishi katika tabianchi nyingine, ingawa wingu ni lilelile. Hii si nadharia ya darasani tu. Katika jangwa la Negev, kusini mwa Israeli, ambako mvua ya mwaka ni takriban milimita 100, wakulima wa enzi za kale za Wanabatea na Wabizanti walilima kwenye sakafu za mabonde kwa kuelekeza maji ya miteremkoni. Mtaalamu wa mimea Michael Evenari na wenzake walipofufua mashamba ya aina hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walikuta kwamba kila hekta moja ya shamba ilihudumiwa na takriban hekta 20 za miteremko. Watu wa Zuni, wenyeji asilia wa New Mexico, Marekani, nao wamelima kwa karne nyingi kwenye mashapo yanayolishwa na maji ya mvua kutoka juu, maji yanayokuja na samadi na takataka za misitu kama mbolea isiyolipiwa.

Hilo la mbolea ndilo linalotupeleka kwenye rutuba. Maji yanayotiririka mteremkoni hubeba kwanza vilivyo vyepesi: majani makavu, samadi, vumbi lenye mboji, majivu. Vyote hivi ni naitrojeni na fosforasi iliyoondoka kilimani na kuhamia bondeni. Halafu, kwa kuwa bondeni kuna maji, nyasi huota kwa wingi, mizizi hufa na kuoza, na mboji huongezeka. Rutuba imefuata maji kwa njia mbili: imebebwa nayo, na imeoteshwa nayo. Kata maji, na zote mbili zinasimama.

Kupokea maji pekee hakutoshi kama hayakai. Tifutifu inaweza kuhifadhi takriban milimita 150 hadi 200 za maji yanayoweza kutumiwa na mimea katika kila mita moja ya kina. Mchanga huhifadhi chini ya nusu ya hapo. Mfinyanzi huhifadhi maji mengi kwa jumla, ila sehemu kubwa huibana mno kiasi kwamba mizizi haiwezi kuyavuta. Tifutifu imepata bahati ya kuwa katikati: inashika vya kutosha na kuachia vya kutosha. Na kwa kuwa mashapo ni ya kina, mara nyingi zaidi ya mita moja na nusu bila mwamba wala tabaka gumu, ghala lenyewe ni kubwa. Zile milimita 30 za mfano wetu zingelowesha udongo uliokauka kwa kina cha sentimita 15 hadi 20 tu. Yanahitajika mafuriko kadhaa ili mita nzima ilowe. Ikishalowa, nyasi zenye mizizi mirefu huingia kiangazi zikiwa na akiba ambayo kilima hakijawahi kuwa nayo.

Uso unaojifunga

Sifa hizi zote zina mlango mmoja mwembamba: uso wa ardhi. Tope laini, lililoifanya tifutifu ihifadhi maji vizuri, ndilo linaloponza uso wake. Tone la mvua likipiga udongo mtupu, madonge huvunjika, chembe laini huziba vitundu, na jua likitoka uso huwa utando mgumu wa unene wa milimita chache. Uinue kwa ncha ya kisu na utauona unatoka kama kigae, chini yake udongo mkavu usiojua kama mvua ilinyesha. Tifutifu iliyofunikwa vizuri hupitisha maji kwa kiwango cha kati ya milimita 10 na 20 kwa saa; mvua za ngurumo za nyanda kavu zinaweza kunyesha kwa kasi inayozidi hiyo mara kadhaa, hata kama ni kwa dakika ishirini tu. Utando ukijijenga, pengo hilo huzidi kupanuka.

Kwato za mifugo zina sura mbili hapa. Udongo ukiwa mkavu huvunja utando na kufukia mbegu. Ukiwa umelowa, zinaushindilia, na tifutifu iliyolowa hushindilika kuliko mchanga. Bahati mbaya ni kwamba mifugo hupenda kukaa mkondoni hasa wakati ambapo pamelowa, kwa kuwa ndipo penye majani mabichi, maji na kivuli. Hapo suala si idadi ya ng'ombe katika eneo zima. Eneo linaweza kuwa na mifugo michache kwa hesabu ya jumla, huku ukanda wa mkondo ukikanyagwa kupita kiasi kila siku. Naona mjadala mwingi wa uwezo wa malisho hupotea hapa, kwa sababu wastani wa eneo zima hauoni mstari mwembamba unaobeba uzito wote.

Chokaa, chumvi na magadi

Kemia ya udongo huu haina mengi ya kutisha, isipokuwa jambo moja. Mvua ni chache mno kuosha madini, hivyo udongo mara nyingi huwa na uchungu wa alkali kiasi, pH kati ya 7.5 na 8.4, na chokaa ndani yake. Dondoshea siki au asidi nyepesi na utaona mapovu. Kwenye mashapo machanga chokaa imetawanyika. Kwenye matuta ya zamani yaliyo juu kidogo ya mkondo imejikusanya kuwa nyuzi nyeupe, kisha vinundu, kazi inayochukua maelfu ya miaka. Kwa hiyo vinundu vikubwa vya chokaa karibu na uso ni dalili kwamba mafuriko hayafiki tena hapo, na kwamba hayajafika kwa muda mrefu.

Chumvi huleta shida pale maji ya ardhini yalipo karibu, kama mita 1.5 hadi 2 kutoka juu. Tifutifu ni hodari wa kuyavuta maji kwenda juu. Yanafika usoni, yanakauka, chumvi inabaki.

Lililo baya zaidi ni sodiamu, ile ya magadi. Sodiamu ikizidi kwenye mfinyanzi wa udongo, chembe huachana zikiguswa na maji safi. Kuna jaribio lililopangwa na mtaalamu wa udongo Emerson wa Australia mwaka 1967 ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya kwa sura yake nyepesi. Weka donge kavu lenye ukubwa wa punje ya mahindi kwenye sahani yenye maji ya mvua, usilitikise, subiri. Donge likiporomoka na kuwa rundo la vipande vidogo, lakini maji yakabaki maangavu, udongo umemeguka tu. Ni jambo la kawaida kwa udongo wenye mboji kidogo. Lakini ukiona wingu la maziwa likitoka pembezoni mwa donge na kutandaa polepole sakafuni mwa sahani, mfinyanzi wenyewe unatawanyika majini. Udongo wa namna hiyo hutobolewa na maji kutoka ndani. Maji huingia kwenye ufa, hupanua njia chini kwa chini, na kutokea ukingoni mwa mkondo kupitia tundu. Uso wa juu unaonekana mzima hadi siku unapobomoka. Mtu anayetaka kuchimba mtaro au kujenga tuta kwenye udongo wa mkondoni bila kufanya jaribio hili la sahani anacheza kamari.

Korongo likichimbika

Yote yaliyoelezwa hadi sasa yanategemea sharti moja: furiko lazima liweze kuvuka kingo. Mkondo wenye kina cha sentimita 30 unafurika kwa mvua ya kawaida. Mkondo uleule ukichimbika hadi mita 3, mvua ileile inapita chini ya korongo, na ardhi iliyo pembeni haiguswi. Maji ya ziada kwenye hesabu yetu, zile milimita 20, yanafutika. Bonde linabaki na milimita 10 kama kilima. Tena kuta za korongo hunyonya maji ya ardhini kutoka pembeni na kuyamwaga chini, kwa hiyo hata akiba ya kina inashuka.

Ukipeleka sampuli ya udongo huo maabara kabla na baada ya korongo, majibu yatakuwa yaleyale kwa miaka mingi: mchanga asilimia ile, mfinyanzi asilimia ile, mboji karibu ile. Uwezo wa kuhifadhi milimita 170 kwa mita upo palepale. Kilichoondoka ni cha kuhifadhi. Nyasi ndefu hufa kwanza, kisha huja vichaka na magugu ya ardhi kavu, uso unabaki wazi, utando unajijenga, na hapo ndipo udongo wenyewe unapoanza kuharibika kwa maana inayopimika. Anayesubiri majibu ya maabara yabadilike ameshachelewa.

Korongo huanza wapi? Mara nyingi huanza chini na kupanda juu. Sakafu ya mkondo ikishuka ghafla mahali fulani, pengine chini ya kalvati la barabara, pengine pale mkondo mkubwa uliposhuka, hutokea kijigenge. Maji yakianguka kutoka kijigenge hicho huchimba shimo chini yake, ukingo wa juu unaning'inia, unabomoka, na kijigenge kinasogea juu. Tifutifu inafaa sana kwa ubomokaji huu, maana inashikamana vya kutosha kusimama wima kama ukuta, lakini haishikamani vya kutosha kuhimili maji yanayoiosha miguuni. Njia za ng'ombe na barabara za magari zinazofuata bonde kwa urefu wake hutoa mwanzo mwingine: mfereji uliokanyagwa tayari, usio na nyasi, unaoyakusanya maji yaliyokuwa yametandaa.

Kuhusu nani alaumiwe, historia inatutaka tutulie. Kusini magharibi mwa Marekani, mikondo mingi ilichimbika kuwa makorongo makubwa kati ya miaka ya 1860 na mwanzoni mwa karne ya 20, kipindi ambacho mifugo iliongezeka kwa kasi. Wengi walihitimisha kwamba mifugo ndiyo sababu. Kirk Bryan, mwanajiolojia aliyelifanyia kazi suala hili miaka ya 1920, alikuta katika Chaco Canyon, New Mexico, korongo la kale lililofukiwa na mashapo, lenye vigae vya vyungu vya Wapueblo wa zamani, wenyeji asilia wa huko, ndani yake. Korongo hilo lilichimbika na kujaa tena karne nyingi kabla ng'ombe wa kwanza hajafika huko. Kumbe mikondo ya nyanda kavu huwa inachimbika na kujaa yenyewe, kwa mabadiliko ya mvua na ukame. Mimi siioni hoja hiyo kama kibali cha kuchunga ovyo. Mkondo unaoweza kuchimbika wenyewe kwa ukame wa miaka kadhaa ni mkondo unaohitaji sukumo dogo tu, na kwato, barabara na kalvati lililowekwa chini mno ni sukumo la kutosha.

Kinachowezekana kurekebishwa

Tamaa ya kwanza ya watu ni kulijaza korongo, au kulizuia kwa ukuta mrefu wa zege. Ukuta mrefu kwenye tifutifu mara nyingi huzungukwa: maji yanayosimama nyuma yake yanatafuta njia ubavuni, yanakata ukingo laini, na msimu ujao ukuta umesimama peke yake katikati huku mkondo ukipita pembeni. Vizuizi vifupi vya mawe, vya urefu wa jiwe moja au mawili, vilivyotandazwa sakafuni na kurudiwa mara nyingi kwenye njia ya maji, vina nafasi kubwa zaidi kwa sababu havipambani na furiko. Vinapunguza mwendo, tope linatua, nyasi zinashika tope, na kazi iliyobaki ni ya nyasi.

Kijigenge ni suala la dharura. Kikiwa na kimo cha nusu mita, mtu anaweza kukilaza mteremko na kukifunika kwa mawe kwa kazi ya mikono. Kikifika mita mbili, gharama hubadilika kabisa. Kila mita kinayopanda ni mita ya bonde iliyokatwa na maji yake, kwa hiyo ukiwa na nguvu kazi ya kufanya jambo moja tu, anza na kijigenge kilicho juu kabisa, ambacho mbele yake bado kuna udongo mzima wa kuokoa. Kupanda miti kwenye korongo lililokwisha kuharibika huku kijigenge kikiendelea kula juu ni kazi inayopendeza kwenye picha tu.

Korongo lililokwisha kuwa na kina kirefu lina njia yake lenyewe, ambayo mtaalamu wa maumbo ya ardhi Stanley Schumm na wenzake waliieleza mwaka 1984. Kwanza linashuka. Kisha kuta zinabomoka na korongo linapanuka, na hatua hii inatisha kuiona, maana ardhi inaanguka kwa vipande vikubwa. Lakini kupanuka huko ndiko kunakopunguza nguvu ya maji. Sakafu ikishakuwa pana ya kutosha, maji yanatandaa ndani yake, yanaanza kutua mzigo, na tambarare mpya ndogo inajengeka ndani ya korongo, mita kadhaa chini ya ile ya zamani. Udongo wake ni tifutifu ileile iliyobomoka kutoka kuta, imepangwa upya katika matabaka machanga yasiyo na mboji nyingi bado. Hapo ndipo pa kuelekeza ulinzi: kuzuia mifugo kwa misimu michache ya mwanzo, wakati nyasi zinaposhika, na kuyapitisha magari kwingine. Tambarare ya zamani iliyoachwa juu haitafurika tena kwa muda ambao mtu anaweza kuupangia. Ipangiwe matumizi ya ardhi kavu, kwa idadi ya mifugo inayolingana na milimita 10 zake, badala ya ile idadi iliyokuwa inalishwa na 30.